Siku Kijiji Kizima Kilipokalishwa Mkekani

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa nyuma mmeitika huku mnatafuna. Mezeni kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kuku walipokuwa bado wanajibu salamu, palikuwa na kijiji chenye mila yake. Baada ya mavuno, mtoto aliyefikia umri wa kushika jembe aliwekwa juu ya mkeka katikati ya uwanja. Mbele yake kikabandikwa chungu cha kunde. Kazi yake ni kukaa tu. Asisimame, asitambae, asijiviringishe, mpaka kunde ziive. Akiweza, anapewa jembe lake na nafasi yake kwenye sinia. Akiinuka, anangoja mavuno mengine. Na akizidi kuinuka, anapelekwa ng'ambo ya mto, kwenye kibanda cha wachunga mbuzi, na huko ndiko anakoishi.

Mila ilisema hivyo. Hakuna aliyeiuliza kwa nini.

Kijijini humo aliishi mwanamke aitwaye Sikujua, na binti yake Zinduna. Mwili wa Zinduna haukujua kutulia. Ukimwambia kaa, anakaa, lakini mguu unacheza, tiki tiki tiki. Ukiushika mguu, mkono unaanza. Ukiushika mkono, mdomo unaanza. Ukimtuma maji, anarudi na kinyonga.

"Maji yako wapi?"

"Maji gani, mama?"

Na alikuwa hatanii. Maji yalikuwa yamemtoka kichwani kabisa.

Sikujua alijua mwanawe si mkaidi. Alimwona anavyong'ata midomo akijaribu kutulia, jasho likimtoka puani. Lakini mavuno baada ya mavuno, Zinduna aliinuka mkekani.

Majirani wakaleta dawa. Mzee Chilumba akasema, "Mlazeni na konokono, amwambukize upole." Asubuhi konokono alionekana juu ya mgongo wa mbwa, na mbwa anakimbia, na Zinduna nyuma yao. Mke wa Chilumba akasema, "Mkalisheni ndani ya kinu, hatatoka." Kweli hakutoka. Kinu kikaanguka naye, gudu, gudu, gudu, kikateremka mpaka mtoni, chubwi! Zinduna akarudi amelowa, anacheka, na ndani ya kinu mna kambare.

Wengine wakasema achapwe. Akachapwa, akalia. Machozi hayajakauka, mguu ukaanza, tiki tiki tiki.

Ndipo Jumbe Ngwere, mkuu wa kijiji, alipotoa amri. "Mavuno haya ni ya mwisho. Akiinuka tena, ng'ambo."

Sikujua hakupika siku hiyo. Alikwenda kwa Bibi Somoe, mfinyanzi, aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wote kijijini.

"Hodi, bibi."

"Karibu, mjukuu wangu. Usikanyage vyungu vibichi."

"Bibi, wananichukulia mwanangu."

"Anakula?"

"Anakula."

"Anacheka?"

"Mno."

"Ana huruma?"

"Juzi amelia kwa sababu kuku ametaga mvuani."

"Basi kilichobaki ni kukaa."

"Na hicho ndicho asichokiweza. Niambie, bibi, mwanangu ana nini?"

Bibi Somoe akazungusha udongo mkononi. "Jina la hali yake silijui. Ninachojua, hajifanyi. Jumbe hata hilo halijui. Nenda nyumbani. Kunde za mwaka huu nitaleta mimi."

Siku ikafika. Ngoma ikalia, ti, ti, tindi! Bibi Somoe akaja na chungu kikubwa na kunde za kale, kavu, ambazo hata fukusi, wadudu wa nafaka, walikuwa wamezikatia tamaa. Alipozimimina zililia kama kokoto, kwa! kwa! kwa!

"Jumbe, nina ombi la kizee."

"Sema, bibi."

"Watoto hujifunza kwa kutazama. Mwaka huu tukae sote, wakubwa kwa wadogo. Atakayeinuka kabla kunde hazijaiva, ng'ambo."

Jumbe akacheka mpaka akashika tumbo. "Kukaa tu? Mimi tangu niwe jumbe nimefanya kazi gani nyingine?"

Mikeka ikatandikwa. Wakakaa.

Zinduna alikaa ubavuni mwa mama yake. Alikumbatia magoti, akafumba macho. Panzi akaruka, tui! Zinduna akafumbua jicho. Panzi akaruka tena, tui! Zinduna huyoo, nyuma ya panzi.

"Ameinuka!" Jumbe akapiga kelele. "Ng'ambo!"

Sikujua akanyoosha mkono amshike, akashika hewa.

"Tumemwona," akasema Bibi Somoe. "Wewe endelea kukaa, Jumbe. Kunde bado."

Jua likapanda. Mgongo wa Mzee Chilumba ukaanza kuwasha, akaanza kuusugua kwa mgongo wa mkewe. Mkewe akamsugua pia. Watu wakapiga miayo. Kisha moto ukafifia. Watu wakatazamana. Wachochea moto wa kila mwaka walikuwa wamekaa mikekani, na atakayeinuka ataishi na mbuzi.

Jumbe akakohoa. "Zinduna, mjukuu wangu mzuri."

"Naam, babu!"

"Chukua kuni pale kwa Chilumba, si zile mbichi, zile kavu, uchochee moto, kisha uongeze maji, lakini kwanza mfukuze yule mbuzi anayekula kofia yangu, na ukipita kwangu..."

Zinduna akaondoka mbio kwa moyo mweupe. Alipomfikia mbuzi akachuchumaa, akamfunua mdomo, akaanza kumtazama meno. Moto ukabaki moshi tu.

"Huyu hasikii!" Jumbe akafoka.

"Anasikia, Jumbe," akasema Sikujua. "Umemtwisha mengi." Akaita, "Zinduna! Nitazame." Zinduna akamtazama. "Kuni."

Kuni zikaja.

"Asante. Moto."

Fuu! Fuu! Moto ukawaka.

"Maji."

Maji yakaja. Safari hii bila kinyonga.

Kunde bado. Ndipo walipokuja siafu. Siafu hawajui jumbe ni nani. Wakaingia kwenye shuka yake.

"Mm," akasema Jumbe.

"Mmm."

"Mmmmh!"

Kisha, "Yalaaa!" Jumbe akaruka juu kuliko panzi. Chilumba akaruka. Mkewe akaruka. Wapiga ngoma wakaruka, ngoma zikabingirika. Sikujua naye akaruka. Uwanja mzima watu wanajipiga mapaja, pa! pa! pa!, na Zinduna katikati yao, amefurahi, akidhani ni mchezo mpya.

Aliyebaki mkekani ni Bibi Somoe.

"Haya," akasema. "Fungeni mizigo. Ng'ambo."

"Kijiji kizima?" akauliza Chilumba.

"Mila ni mila."

"Kibanda kile hakitutoshi!"

"Mtabanana na mbuzi."

Jumbe akamkazia macho. "Na wewe umewezaje kukaa?"

"Miguu imekufa ganzi tangu asubuhi. Siafu wameiuma sana, lakini sina habari. Njooni mniinue."

Wakamwinua. Akajishikilia begani kwa Sikujua.

"Mmekaa chungu kimoja tu, tena hata hakijaiva. Mmechoka?"

"Tumechoka, bibi."

"Zinduna hukaa hivyo kila mlo na kila anapoambiwa tulia. Siafu wake hamuwaoni. Wenu mmewakung'uta. Wake hawakung'utiki. Sasa nani aende ng'ambo?"

Jumbe alikuwa anamtoa siafu kwapani. Akamtazama yule siafu, akamtazama Zinduna.

"Abaki," akasema.

"Na nikimtuma maji akaniletea kinyonga?" Chilumba akauliza.

"Mtume tena. Mguse bega kwanza, akutazame, umwambie neno moja," akasema Bibi Somoe.

"Na kinyonga?"

"Mrudishe mtini, Chilumba. Nalo nikufundishe?"

Tangu siku hiyo, mtoto aliyeshindwa kukaa alichochea moto kwa kusimama, akazunguka chungu atakavyo. Kunde ziliiva vilevile. Zinduna akapewa jembe lake. Akalipoteza siku hiyohiyo, wakalikuta juu ya paa.

Jioni ya siku ile ya siafu, sinia likaletwa. Kunde zilikuwa bado ngumu, kru, kru, kru, lakini watu walikula. Sikujua alikaa. Zinduna alichota tonge, akakimbia kuzunguka uwanja, akarudi, akachota jingine. Kila aliporudi alikuta nafasi yake iko wazi. Jumbe mwenyewe alikuwa ameweka mkono pale, asikae mtu.

Bibi Somoe alifariki zamani, lakini wafinyanzi wa kijiji kile wakimsimulia bado wanacheka. Wanasema aliwafundisha kwamba mtoto asiyetulia hajagoma, ameshindwa, na aliyeshindwa apewe msaada kabla ya kupewa adhabu.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyekuwa anatamani kuinuka, na ainuke.