Kaa Aliyetaka Kuona kwa Macho Yake

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kinyonge, na kilio chenyewe bado? Tena. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale palikuwa na bwawa, na bwawani waliishi marafiki wawili. Mmoja Kaa. Wa pili Kamongo, yule samaki wa topeni. Walikuwa chanda na pete. Kaa akicheka, Kamongo anacheka. Kamongo akiugua, Kaa hali.

Mwaka huo mvua ikakataa. Jua likawaka, likawaka, likawaka. Bwawa likawa dimbwi, dimbwi likawa tope. Kamongo akamwendea mwenzake.

"Yakhe, mimi na binti yangu tunaingia chini. Tutajifunika ute wetu, tutalala mpaka mvua ije."

"Itakuja lini?"

"Sijui."

"Nani kakwambia itakuja?"

"Mama yangu. Naye kaambiwa na mamake. Mwenyezi Mungu hakutuumba ili tope litumeze bure."

"Umemwona huyo Mungu? Umeonyeshwa wingu, hata moja?"

"Sijaonyeshwa."

"Basi huo ni upumbavu, bwana wee!"

Kamongo akacheka kidogo. "Kaa, nikilala siwezi kujitetea. Nakuomba unilinde. Usinifukue, wala usimwache mtu anifukue. Nina ushahidi gani kwamba utanilinda? Sina. Nakuamini tu. Huo nao ni upumbavu?"

Kaa akainua gando, kama anayeapa. "Nitakulinda," akajibu.

Baba na binti wakazama, kila mmoja kwenye shimo lake. Tope likakauka juu yao, likawa gumu kama tofali.

Mwezi wa kwanza Kaa akalinda. Korongo akija kudonoa, Kaa anamkimbiza na magando yake. Mwezi wa pili akalinda. Mwezi wa tatu akaanza kugonga ardhi. Ngo, ngo, ngo!

"Kamongo, u hai?"

Kimya.

Ngo, ngo, ngo! "Sema hata neno moja, ndugu yangu!"

Kimya.

Jamani, shaka ni mdudu. Ikamtafuna Kaa, ikamtafuna. Wala msimseme vibaya, alimpenda mwenzake kweli. Akawaza: "Na kama amekufa? Nisije nikawa nalinda mzoga. Nichungulie tu. Kidogo tu. Nikimwona anapumua, nafunika, simgusi tena."

Akachimba. Kwaru, kwaru, kwaru! Akalifikia ganda la ute. Akaligusa kwa gando. Paa! Likapasuka.

Kamongo akafumbua jicho.

"U hai!" Kaa akapiga kelele, akaruka kwa furaha. "U hai, yakhe! Sasa naamini!"

"Nifunike," Kamongo akanong'ona.

Kaa akamfunika. Kwa kitu gani? Kwa vumbi. Vumbi halina maji, na Kamongo hakuwa na ute mwingine mwilini. Jua likapenya kila upande.

"Umenifukua, Kaa," akasema. Mchana ule ule akakauka, Kaa amemkumbatia, analia kwa kwikwi.

Siku ya tisa tangu hapo, ndo! ndo! ndo! Mvua! Ikanyesha mpaka tope likalainika. Kamongo wengine waliolala bwawani wakaibuka, mmoja huku, mmoja kule. Si wote. Wapo ambao mvua iliwakuta wamekwisha, siwafichi. Lakini binti wa Kamongo aliibuka, amekonda, anayumbayumba.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba bado amelala?"

Kaa akatazama pembeni.

"Ami, baba alifia chini? Alituahidi mvua itatukuta hai. Imani yake ilimdanganya?"

"Hapana," Kaa akasema. "Haikumdanganya. Baba yako alikuwa hai, mwanangu. Nina uhakika. Nilimwona."

Binti akamtazama, akaelewa. Akageuka, akaogelea zake. Tangu siku hiyo hakumwamkia tena.

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: kuamini usichokiona si ujinga, maana hata rafiki tunamwamini hivyo hivyo. Na kutaka kujua si dhambi. Lakini yapo mambo ukiyafukua upate kuyajua, umeyaua.

Hadithi yangu imeishia hapo, na leo sina ya kuwachekesha.