Fundo Kwenye Mkono wa Kombe

Kaeni, wapendwa. Somo la leo nitalifikia, msiwe na wasiwasi, lakini kwanza nataka niwapeleke uwanja wa mpira. Najua kuna wazee humu ambao wangependa nianzie huko kila Jumapili.

Kulikuwa na mzee mmoja, mtunza stoo wa chama cha mpira. Mwaka mzima kazi yake ilikuwa kujaza mipira upepo na kushona nyavu zilizochanika, na wakubwa wa chama hawakujua hata jina lake. Lakini siku moja tu alikuwa mtu mkubwa, nayo ni siku ya fainali ya Kombe la Taifa. Siku hiyo yeye ndiye aliyelitoa kombe stoo, yeye ndiye aliyeling'arisha kwa kitambaa cha flana, na yeye ndiye aliyelifunga utepe. Mmewahi kuangalia kombe linapokabidhiwa? Lina mikono miwili, na kwenye mikono ile kuna utepe wa rangi ya timu iliyoshinda. Mlidhani unaota wenyewe? Kuna mtu anaufunga! Mtu huyo anakaa nyuma ya pazia chini ya jukwaa kuu, mfuko wa kulia ana utepe wa timu hii, mfuko wa kushoto ana utepe wa timu ile, anangoja.

Mwaka mmoja fainali ilikuwa Nyuki na Mawimbi. Nyuki wanavaa njano, Mawimbi wanavaa bluu. Msianze kuzitafuta timu zenu humo. Hizi nimezibuni mwenyewe jikoni kwangu wakati chai inachemka, maana bado nataka kuishi kwa amani na baraza la wazee.

Mzee wetu alikuwa Nyuki damu. Kwa vile chama kilimkataza kuonyesha upande, alikuwa akivaa soksi za njano na suruali ndefu. Na Nyuki walikuwa hawajalishika kombe lile tangu binti yake wa mwisho yuko kwenye nepi. Sasa binti ana nyumba yake na watoto. Mnaelewa kiu ya mtu huyo?

Asubuhi katibu wa chama akamwita. Alikuwa kijana, suti imembana.

"Shikamoo, mzee wangu. Nina neno moja tu. Utepe ni baada ya filimbi ya mwisho. Si kabla."

"Marahaba. Katibu, kazi hii naifanya tangu wewe unaenda shule na kaptula."

"Najua, mzee. Lakini leo mgeni rasmi ni mkubwa, na nchi nzima inaangalia. Kombe likitoka na kasoro, funguo za stoo utaniachia mezani."

Akaitikia. Kuitikia si kazi, hata sisi tunaitikia "Amina" vizuri sana.

Mpira ukaanza. Kipindi cha kwanza hakijafika mbali, Nyuki wakapata bao. Mzee kule nyuma ya pazia akarukaruka na soksi zake, halafu akakaa akajifanya anang'arisha kombe. Kipindi cha pili Mawimbi wakabanwa, wakabutua, wakaonewa huruma hata na waokota mipira. Dakika zikayoyoma. Uwanja mzima upande wa njano ukaanza kuimba nyimbo za harusi.

Ndipo Mawimbi walipomwingiza nahodha wao wa zamani. Alikuwa kwenye benchi msimu mzima. Goti limefungwa bandeji, kichwa kimeanza kuingia mvi, na isitoshe ndiye aliyepaisha penalti kwenye fainali iliyopita, mpira ukaenda kuangukia kwa wauza mahindi. Alipoingia akichechemea uwanja ulicheka, ndugu zangu. "Mleteeni mkongojo!" "Babu, umesahau dawa zako!" Na mzee wetu alicheka mpaka akakohoa. Akamgeukia askari aliyekuwa analinda kombe.

"Afande, kazi imekwisha. Ukiona wamemwingiza huyu, ujue wameshakata tamaa."

"Refa bado anakimbia, mzee."

"Mwache akimbie, anafanya mazoezi."

Mkono ukaingia mfuko wa kulia. Ukatoka na utepe wa njano, unang'aa, umepigwa pasi. Sasa ujue mzee huyu ujana wake aliuza mkaa. Alikuwa akifunga magunia kwenye baiskeli na kushuka nayo milimani kwenye mawe, na gunia halidondoki. Basi fundo alilokuwa analijua ni lile lile. Akafunga mkono wa kwanza wa kombe, akazungusha, akapitisha chini, akakaza kwa kulilowesha mate. Akafunga mkono wa pili. Akarudi nyuma akalitazama kombe la njano, na machozi yakamtoka. Alikuwa na furaha ya kweli, masikini, nisimsingizie.

Hajayafuta machozi, kona. Mpira ukapigwa juu, mabeki wa Nyuki wakaangaliana, na ile bandeji ikapaa katikati yao. Kichwa. Bao.

"Si kitu," mzee akajisemea. "Kuna dakika za nyongeza. Nafungua taratibu." Akaanza na ukucha. Fundo halikutikisika. Akajaribu kwa ncha ya kalamu ya afande, kalamu ikavunjika. Akiwa bado anavuta, akasikia filimbi ya faulo, akasikia uwanja umenyamaza, halafu akasikia upande wa bluu umelipuka kama jiko la gesi. Nani kafunga? Nani tena! Yule babu wa mkongojo. Na refa, ambaye alikuwa anafanya mazoezi, akamaliza mazoezi yake akapuliza filimbi.

"Leta kombe!" Sauti ya katibu inatoka kwenye redio ya afande. "Mzee, mgeni rasmi amesimama! Leta kombe!"

"Afande, nisaidie, una kisu? Mkasi? Wembe?"

"Mzee, hapa uwanjani hakiingii kitu chenye makali. Ninyi wenyewe chama mmetangaza."

Kilichobaki ni nini? Meno. Tena si mengi. Mzee akapiga magoti, akalikumbatia kombe kwa mikono miwili, akafumba macho, akaling'ata fundo. Na wakati huo huo katibu kule juu akaona mambo yanachelewa, akaamuru pazia livutwe.

Likavutwa. Kamera ikageuka. Kwenye skrini kubwa ya uwanja, na kwenye kila televisheni ya nchi, akaonekana mzee mmoja amepiga magoti, amefumba macho, machozi yanamtiririka, mdomo wake uko kwenye kombe la Mawimbi.

"Analibusu!" Upande wa bluu ukashangilia. "Karibu nyumbani, mzee!"

Na upande wa njano? Walikuwa wanamjua wale, maana wamekunywa naye kahawa miaka nenda rudi. Kwanza walikodolea skrini macho. Halafu mama mmoja wa jukwaa la chini akapaza sauti: "Msaliti! Na soksi zetu umevaa!" Maana pale alipopiga magoti suruali ilikuwa imepanda.

Nawaona mnacheka. Chekeni, mimi nawasubiri.

Kombe likapelekwa hivyo hivyo, njano kila mkono. Nahodha wa zamani akapanda ngazi akivuta goti lake. Akamkuta mzee amesimama pembeni ya meza, uzi wa njano umekwama kwenye jino. Akautazama utepe. Akamtazama mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Huu umefungwa saa ngapi?"

Mzee angeweza kusema uongo. Angeweza kumsingizia afande. Lakini alikuwa amechoka.

"Ulipoingia wewe."

Nahodha akalivuta fundo, likakataa. Halafu akacheka, kicheko cha mtu anayeumwa goti.

"Usijali, mzee wangu. Hata kocha aliyeniingiza alikuwa ameshainamisha kichwa."

Akalinyanyua kombe na utepe wa watani zake, akasimama hivyo mbele ya nchi nzima. Mzee jioni ile akaziweka funguo mezani bila kuambiwa. Hawakumfukuza. Walimpa kazi ya kulinda vibendera vya kona, ambavyo havifungwi utepe.

Sasa, wapendwa, kosa la mzee huyu lilikuwa nini? Kuipenda Nyuki? Hapana, penda timu yako. Kufurahi? Hapana. Kosa lake ni kwamba alimtazama mtu anayechechemea, akaingiza mkono mfukoni, akamaliza habari zake. Na alipomaliza, alikaza fundo lisilofunguka.

Na sisi je? Sisi hatuna stoo wala kombe, lakini utepe tunao, mifuko imejaa! "Yule binti ameshaharibika." Tunakaza. "Yule mume hawezi kubadilika, damu yao ndivyo ilivyo." Tunalowesha na mate tunakaza tena. Nani alikuambia mchezo wa mwenzako umekwisha? Umesikia filimbi? Bwana ndiye mwenye saa mkononi, na bado anamwacha mtu huyo acheze. Kisha Mungu akimwinua, sisi tunabaki tumepiga magoti tunang'ata maneno yetu wenyewe, na meno hatuna.

Mnacheka bado. Basi ngoja niache kusema habari za uwanjani.

Jumapili iliyopita aliingia humu ndugu mmoja. Wote mnamjua, ni yule aliyekuwa akilala nje ya kilabu cha pombe. Aliingia shati lake limepigwa pasi, amenyoa, hana harufu yoyote. Nilikuwa hapa hapa, nikaona kila kitu. Mzee wa kanisa aliyekuwa zamu pale mlangoni alimsimamisha akamuuliza, "Umekuja kumtafuta nani?" Akasema, "Nimekuja kusali." Akakaa benchi la mwisho. Na mama zangu wawili wa benchi lile wakavuta mikoba yao wakaipakata.

Geukeni mtazame lile benchi. Geukeni tu, hakuna dhambi.

Leo hayupo.

Anakaa nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bati. Nikimaliza ibada nakwenda kumwita, na sitaki kwenda peke yangu. Nataka kwenda na mzee wangu wa zamu, na wale mama zangu wawili. Sitawataja, mnajijua, mtanisindikiza. Na mikoba yenu njooni nayo, mama zangu. Mkifika, mpeni yeye awabebee.