Maziwa Aliyonyimwa Mtoto wa Wakesho

Huo mmea mnaotaka kuung'oa bustanini, uacheni. Najua utomvu wake unawasha macho, na mbuzi hawaugusi. Zamani haukuwa hivyo. Maziwa yake yalikuwa matamu, na huku milimani kila nyumba iliupanda karibu na jiko, ili mtoto aliyekosa maziwa ya mama asife njaa. Sharti lilikuwa moja tu: anayeomba hanyimwi.

Ukaja mwaka wa ukame. Mimea hiyo ikanyauka kila mahali, ukabaki mmoja, wa Mghoi, aliyekuwa akiumwagilia maji ya kuoshea vyombo. Kwa hilo nampa sifa yake. Lakini naye alikuwa na mtoto mchanga, na hofu ikamwingia. Akauzungushia miiba.

Jirani yake, Wakesho, alikuwa amejifungua karibuni, na njaa ilikuwa imemkausha matiti. Akaja na mtoto mgongoni, akasimama nje ya ile miiba.

"Dada, nikamulie kidogo tu. Huyu hata nguvu ya kulia hana tena."

"Mmea umekauka, mdogo wangu," alisema Mghoi. "Hata wangu nampa maji matupu."

Alisema hivyo huku majani mabichi yakionekana katikati ya miiba. Wakesho aliyaona. Hakubishana, akarudi kwake, na kabla jua halijafika utosini mtoto alikuwa amekufa.

Sehemu hii siipendi, lakini lazima niiseme. Wakesho alikataa mwanawe azikwe kwingine. Aliing'oa miiba kwa mikono yake, akachimba kaburi kando ya shina. Hakuna aliyemzuia, maana wote walijua sharti limevunjwa. Mghoi mwenyewe alibaki mlangoni.

Kiwavi mmoja wa manjano akaanguka kutoka kwenye jani, akatua juu ya sanda. Wakesho akamwokota. Vidole vyake vilikuwa na udongo mweusi na majivu ya msiba, vikamwachia yule kiwavi michirizi mwili mzima.

"Wewe kula," akamwambia, akamrudisha kwenye jani. "Hukuninyima kitu."

Kisha akaugeukia mmea. "Lakini maziwa aliyonyimwa mwanangu, asiyanywe mtoto wa mtu yeyote."

Jioni Mghoi alimkamulia wake kama kawaida. Angefanya nini? Hakuwa na kingine cha kumpa. Kulipokucha watu walichimba kaburi jingine, upande wa pili wa shina.

Na tangu siku hiyo maziwa yale ni sumu. Ni kiwavi mwenye michirizi tu anayeyala majani ya mmea huo akashiba, na akishakuwa kipepeo, ndege humwogopa. Mvua ilirudi, mimea ikaota tena, nasi tunaipanda kwa ajili ya vipepeo, nje ya ua, pasipo miiba. Vunjeni tawi muone. Maziwa yanatiririka tele, ya kuwatosha watoto wote wawili.