Konzi ya Nyemo

Ihanda haikuwa hivi mnavyoiona. Kulikuwa na wakati ambapo ungeingia nyumba yoyote ya kijiji hiki baada ya chakula cha jioni usipate hata punje iliyobaki. Chungu kilioshwa kikafudikizwa, ungo ukakung'utwa mlangoni, na mama wa nyumba akalala kwa amani, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Nafaka yote ilikaa pamoja katika kihenge kikubwa ng'ambo ya korongo, kwenye udongo mwekundu usio na mchwa. Kila asubuhi wanawake walivuka mchanga mkavu na nyungo zao, wakapimiwa uwele wa kutosha siku hiyo, wakarudi wakipiga soga.

Kuweka chakula nyumbani kulikuwa mwiko. Watu waliamini kuwa nyumba inayoficha nafaka inaiita njaa, na njaa ikishaitwa haiingii nyumba moja tu.

Wakati huo aliishi mwanamke aliyeitwa Mbeleje, aliyeolewa hapa kutoka milimani. Mumewe alikuwa mchungaji, na kila kiangazi alihamia na wanaume wenzake kwenye malisho ya mbali, nako kulikuwa ng'ambo hiyo hiyo ya korongo. Mbeleje alibaki na mama mkwe wake, Bibi Matika, na watoto wawili: Nyemo, msichana ambaye alikuwa hajaanza hata kung'oka meno ya utoto, na Malogo, wa mgongoni.

Mbeleje alikuwa mtu wa wasiwasi. Wenzake walipovuka korongo walitazama mbele, kwenye kihenge. Yeye alitazama migunga ya kando, ambako vijiti na nyasi kavu vilikuwa vimenasa kwenye matawi, juu kuliko kichwa chake. Alijiuliza ni maji gani yaliyovipandisha huko, na yalikaa muda gani kabla ya kushuka. Alipouliza, wenzake walimcheka. "Mbeleje, wewe utazeeka kabla ya mama mkwe wako!"

Basi asubuhi moja, akiwa anapepeta uwele, alimwita binti yake.

"Chota konzi moja."

"Nichote ya nini, mama?"

"Ya kuweka. Mkono wako ni mdogo, chungu hakitajua."

Nyemo alicheka sana kusikia kwamba chungu kinaweza kujua au kutojua. Alichota, akatia kwenye kibuyu kidogo, na mama yake akachanganya na majivu ili wadudu wasiingie. Wakakificha nyuma ya mafiga, chini ya kuni. Tangu hapo ukawa mchezo wao. Kila walipopika, Nyemo alichota konzi yake, akainama mpaka kwenye mdomo wa chungu na kunong'ona, "Umeona?" Kisha akajijibu mwenyewe kwa sauti nzito ya chungu, "Sijaona."

Na kweli hakuna aliyeona. Ugali ulitosha kama siku zote. Hata Bibi Matika, aliyejua kupima ugali kwa jicho, hakuona upungufu. Kibuyu kikajaa kidogo kidogo, na Mbeleje akaanza kulala usingizi wa kweli.

Siku moja Bibi Matika alivuta ukuni, kibuyu kikabingirika hadi miguuni pake. Alikitikisa, akasikia punje. Akamgeukia Mbeleje.

"Mkamwana, hiki ni nini?"

"Ni akiba, mama. Kidogo tu. Korongo likijaa..."

"Korongo limejaa lini wewe ukaliona? Unataka watu waseme njaa imetokea nyumbani kwangu?"

Hakuwa mwanamke mbaya. Aliogopa, kama Mbeleje alivyoogopa, ila wao wawili hawakuogopa kitu kimoja. Lakini sauti yake ilikuwa imeshafika kwa majirani. Wakaja, wakajaa uani. Mmoja akasema, "Karibuni kwa tajiri, jamani, leo tutakula mpaka majivu!" Wengine hawakucheka. Walimtaka Mbeleje akimwage mwenyewe, mbele ya wote, ili kuku wale.

Akamwaga. Kuku wakakimbilia, wakaparua majivu, wakadonoa hadi ardhi ikawa safi. Nyemo alisimama ameshika kanga ya mama yake. Aliuliza polepole, "Mama, chungu ndicho kilichosema?"

Mbeleje hakuanza tena. Aibu ilikuwa imemkaa kifuani kama jiwe la kusagia.

Mwaka huo Nyemo alishikwa na homa mwishoni mwa kiangazi. Homa ikamwachia, ikamwacha mwepesi kama bua, akihitaji uji tu ili asimame tena. Na ilikuwa asubuhi moja ya siku hizo, mbingu ya Ihanda ikiwa kavu bila wingu, wanawake waliposhika nyungo zao na kusikia mngurumo. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, kule juu. Maji yalikuja mekundu, yakiwa na miti mizima ndani yake, yakajaza korongo kutoka ukingo hadi ukingo, yakafika kwenye matawi ya migunga pale pale Mbeleje alipokuwa akipatazama.

Kihenge kilikuwa kinaonekana. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Kilisimama ng'ambo kimejaa, paa lake jipya likimetameta, na wanaume waliposikia habari walikuja wakasimama kando yake na ng'ombe wao, wakapunga mikono. Walifunga uwele kwenye ngozi wakajaribu kuurusha, maji yakaumeza. Kijana mmoja alijaribu kuvuka na kamba. Walimvuta akiwa na uhai kidogo, na hakuna aliyejaribu tena.

Kule juu mvua haikukoma, na siku zikapita maji yasishuke. Upande wa kijiji walikula mizizi. Walikula kuku, wakala mbuzi wachache waliobaki, kisha wakachemsha ngozi za kulalia. Watu wazima walistahimili. Bibi Matika alitafuna kipande cha ngozi hadi kikalainika, akamwekea mjukuu wake mdomoni, lakini tumbo lililotoka kwenye homa halikukipokea.

Mbeleje alikaa na Nyemo mapajani. Kichwani mwake alikuwa akikoroga uji. Alikijua kile kibuyu. Alijua kilikuwa kimejaa hadi wapi, na kila konzi ingetoa kikombe gani. Alipika uji huo wote moyoni, akamnywesha binti yake kikombe kwa kikombe, na alipofika chini ya kibuyu mtoto alikuwa mzima, anacheka. Kisha alitazama mapajani pake.

Nyemo alifariki maji yakiwa bado juu. Walimzika nyuma ya nyumba. Asubuhi iliyofuata mchanga wa korongo ulianza kuonekana.

Wanaume walivuka na uwele. Nyumba zote zikawasha moto. Mbeleje aliweka uwele wake kwenye ungo, akakaa mbele yake, asiweze kuugusa. Mwanamke aliyefanya mzaha ule siku ya kibuyu alikuja kuomba moto, akasimama mlangoni.

Bibi Matika ndiye aliyeinuka. Alikwenda nyuma ya mafiga akarudi na kibuyu kile, akapiga magoti mbele ya mkwe wake, jambo ambalo mzee kama yeye halifanyi. Alimshika Malogo mkono, akaifungua ngumi yake ya kitoto, akaizamisha kwenye uwele. Punje chache tu zilishika vidoleni. Akazidondosha ndani ya kibuyu.

"Hii ya dada yako," alisema.

Jirani yule alipokea moto wake akaenda. Nyumbani kwake alimwita mtoto wake mdogo kuliko wote.

Na tangu siku hiyo hakuna chungu kinachobandikwa Ihanda kabla konzi moja haijaingia kibuyuni. Haichotwi na mama wala baba. Huchotwa na mtoto mdogo wa nyumba, naye huambiwa, "Mwekee Nyemo." Ukikuta nyumba ya kikongwe asiye na mtoto tena, mtazame anapopepeta. Atakunja vidole vyake, achote kwa ncha tu, ili konzi isizidi kiganja cha Nyemo.