Kamba ya Burkard Zenk

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba mgeni huja na heri yake, na mara nyingi anayefaidika zaidi ni yule aliyemfungulia mlango. Burkard Zenk, mvushaji wa mto Regnitz mjini Bamberg, hakuwahi kuisikia methali hii. Na lau angeisikia, angeitemea mate mtoni.

Kivuko chake kilikuwa cha mbao, hakina injini. Alikivuta kwa mikono, akishika kamba nene iliyofungwa toka ukingo hadi ukingo na kupita kwenye pete za kivuko, kama baba yake alivyofanya kabla yake. Watu wa mjini aliwavusha kwa bashasha. Wageni aliwakunjia ndita. Tangu meli za watalii zianze kumwaga watu pale bandarini, hata kiti chake cha miaka nenda miaka rudi kwenye kilabu cha bia hukikuta kimekaliwa na mtu mwenye kamera. Binti yake Kuni, aliyewakatia abiria tiketi gatini, alimsihi mpaka akachoka.

"Baba, hawa ndio wanaotulisha."

"Mimi nalishwa na mikono yangu."

Siku moja ya Juni mto ulijaa kwa mvua zilizonyesha huko juu, upande wa Nuremberg. Burkard aliamka na maumivu ya bega, akayapuuza. Alikuwa akichota maji yaliyoingia kivukoni alipojiwa na mama mmoja mnene aliyeshika ramani. Huyo alikuwa Wiebke Petersen, mjane kutoka pwani ya kaskazini, ameshuka melini asubuhi ile.

"Samahani bwana. Nataka kwenda ng'ambo, halafu nipande hadi kanisa kuu kule mlimani. Nichukue basi, zile baiskeli zenye dereva, au nivuke na wewe?"

"Mungu kakupa miguu miwili, bibi. Umemwachia nani?"

Wiebke akacheka. "Miguu yangu imefika umri wa kuchagua. Navuka na wewe."

Akapanda. Nyuma yake wakapanda wageni wengine wachache wa meli ile, mmoja wao Bwana Eberle, mwalimu mstaafu wa Stuttgart ambaye hakipiti kibao bila kukisoma. Alikisoma na kile cha kivukoni, ambacho Burkard alikiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: ABIRIA WAMEKATAZWA KUGUSA KAMBA.

Mkondo ulikuwa mkali. Wiebke alimwona mvushaji akihema, akanyoosha mkono amsaidie kuvuta.

"Acha hiyo kamba," Burkard alifoka. "Kwenu hamfundishwi kusoma?"

"Nilitaka kukupunguzia kazi."

"Nipunguzie kelele."

Walipofika katikati ya mto, kifua cha Burkard kilibanwa kana kwamba mtu amekikalia. Mkono wa kushoto ukafa ganzi. Akajaribu kuvuta tena, akaanguka juu ya mbao zilizolowa. Kijasho chembamba kikamtoka. Kivuko kikasimama pale pale, kikitetemeka kwenye maji.

Kuni alipiga kelele gatini, kisha akapiga simu. Gari la wagonjwa halikukawia, lakini wauguzi walipofika ukingoni walisimama na machela yao wakitazama maji tu. Boti ya zimamoto, walipaza sauti, iko njiani, na njia yenyewe ni ndefu.

Wiebke alipiga magoti kando ya Burkard, akamfungua vifungo vya shati. "Marehemu mume wangu aligeuka rangi hii hii," alisema. "Huyu hawezi kungoja boti. Tuvute turudi gatini."

Hakuna aliyesogea. Watu waliitazama kamba, wakakitazama na kibao.

"Imekatazwa," Bwana Eberle alisema kwa sauti ndogo. "Tukikosea, tukapindua chombo, atajibu nani? Mwenye ruhusa ni yeye."

"Basi mwenye ruhusa huyu hapa anakata roho. Muulize."

Macho yote yakamgeukia Burkard. Naye, ingawa mauti yalikuwa yamemkalia kifuani, aliona haya kuliko alivyoona maumivu. Mama ambaye yeye mwenyewe alimfokea sasa hivi ndiye aliyekuwa amekipakata kichwa chake. Alitaka kusema boti itakuja. Gogo kubwa likaja na mkondo, likakigonga kivuko ubavuni, wote wakayumba, na kwa mara ya kwanza maishani Burkard aliuogopa mto wake.

"Vuteni," alisema.

"Tuvuteje? Tufundishe," Wiebke alimwambia.

"Kaeni upande wa juu, mkondo unakotoka. Msivute kwa mikono, mtachoka. Shikeni, mlale nyuma na uzito wenu."

Alinong'ona, Wiebke akapaza sauti kwa wote. Bwana Eberle ndiye aliyekuwa wa kwanza kuishika kamba. Wenzake wakamfuata. Mwanzoni kila mtu alivuta kwa wakati wake, kivuko kikagoma. Wiebke akaanza kuwahesabia kama mkunga anayemhimiza mzazi, huku amemshika mvushaji mkono. Kamba iliyolowa iliwachuna viganja. Kivuko kikasogea kidogo, kikasimama, kikasogea tena. Burkard aliitazama migongo ile ya watu asiowajua ikilala na kuinuka kwa ajili yake, na ukungu ukaanza kumtanda machoni.

"Usilale, mzee," Wiebke alimwambia. "Nitukane kidogo."

Hakuwa na nguvu za kumtukana mtu. Alisikia mbao zikigonga gati, na mikono ya wauguzi ikimnyanyua.

Alipozinduka hospitalini, Kuni alikuwa ameketi kando ya kitanda, macho mekundu. Alimweleza kuwa mshipa wa moyo ulikuwa umeziba na umezibuliwa, na kwamba daktari amesema kuchelewa kidogo tu kungemmaliza.

"Na wale watu?"

"Wako kwenye ujia, wote. Bwana mmoja kafungwa bandeji mikono yote miwili. Wamekataa kuondoka kabla ya kujua hali yako."

"Meli yao je?"

"Imeshaondoka, Baba. Imewaacha."

Burkard aligeukia ukutani, akalia bila kujificha. Kisha akajipangusa uso kwa shuka.

"Nenda ukawaite," alisema. "Waambie Burkard Zenk anawaomba waingie."

Kuni akaufungua mlango. Kweli wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.