Jina Alilotoka Nalo Majini

Wametuhadithia waliotutangulia katika imani kwamba, zamani Injili ilipokuwa bado changa katika milima ile, aliishi mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Mama Elineema. Mumewe alifariki mapema, akamwachia Elineema, mwana wa pekee. Desturi yetu mnaijua: mwanamke akishajifungua, jina lake la zamani huwekwa kando, akaitwa kwa mwanawe hadi kaburini.

Mwaka wa ndui, Elineema akafa.

Baada ya matanga watu hawakujua wamwiteje yule mama. Kumtaja marehemu waliona ni kumtonesha kidonda. Wakimkuta mtoni walisema, "Umeamkaje, mama..." kisha wakameza mate na kuinamia vibuyu vyao. Walimhurumia kweli, lakini huruma ya namna hiyo huua polepole. Akaanza kuchota maji jua la utosi, wakati hakuna mtu, na Jumapili akabaki ndani.

Wifi yake, Mama Sefania, akamjia na kitindamimba wake mgongoni.

"Wifi, mchukue huyu Yudithi. Mimi Mungu amenijalia wengine. Tangu leo wewe ni Mama Yudithi, na atakayekuita vingine atanitambua!"

Desturi iliruhusu, na zawadi hiyo ilikuwa ya upendo. Yule mama akampakata mtoto, akamnusa utosi, na nafsi yake ikamtamani mno. Kisha akalia.

"Mungu akulipe, wifi. Lakini kila nitakapomwangalia huyu nitamtafuta Elineema. Nitakuwa nakudanganya wewe, namdanganya na Mungu. Mtoto asibebeshwe mzigo huo."

Akamrudisha. Mama Sefania akaondoka akilia, na nyumba ikawa kimya kuliko mwanzo.

Enzi zile, aliyetaka kushiriki Meza ya Bwana alikwenda siku iliyotangulia kwa mzee wa kanisa, akajitaja jina. Jumamosi moja yule mama akajikokota mpaka kwa mzee Natanaeli. Mzee akamuuliza kama alivyowauliza wote, "Nani anakuja mezani kwa Bwana?"

Akasema, "Mzee wangu, sijui. Nilikuwa mke, mume akaenda. Nilikuwa mama, mwana akaenda. Aliyebaki simjui."

Mzee hakumhubiria, na Mungu amrehemu kwa hilo, maana wengi wetu tungehubiri. Alimwambia, "Binti yangu, siku ya ubatizo wako nilisimama kando ya mto. Hukuwa na mume wala mtoto. Ulitoka majini ukiitwa nani?"

Akajibu, "Damari."

"Basi kesho aje Damari."

Akaja. Alipopokea mkate alilia mpaka waumini wakainamisha vichwa, kisha akarudi kwenye nyumba ileile tupu. Wanawake walipomwita Damari mtoni, aliitika, akawaambia, "Na Elineema mtajeni. Alikuwa mwanangu."

Ndugu zangu, ndoa, uzazi na vyeo tumeazimwa, na vinapochukuliwa vinauma. Asiwadanganye mtu kwamba haviumi. Lakini Bwana alikujua kabla hajakuazima hata kimoja. Damari aliishi miaka mingi na huzuni yake, na alipozikwa, msalaba wake wa mti ulichongwa jina hilo moja tu, nalo lilitosha.