Kuku wa Sukari Guru

Nyuma ya soko la Kakamega palikuwa na mkahawa mkongwe usiohitaji kibao, maana moshi wake wenyewe uliwashika wapita njia puani ukawaingiza ndani. Mwenyewe, Jairus, alikausha kuku juu ya uchaga kwa kuni za mpera, mchana na usiku, akiwageuza polepole kama mama amgeuzavyo mtoto mgonjwa.

Sifa zikamfuata kama nzi. Makarani wa mjini waliapa kwamba hata jogoo mwenyewe angeona fahari kufia pale. Jairus akavimba kichwa kama andazi katika mafuta ya moto, na kuni zikaanza kumchosha. Akawa anachemsha kuku, anawapaka sukari guru iliyoyeyushwa, kisha anawababua kidogo tu mpaka wanapata rangi.

"Baba Gentrix, huyo si kuku wa moshi," mkewe Dinah alimwonya. "Huyo amejipodoa."

"Wacha maneno, mama. Watu hawali kuku hapa. Wanakula jina langu."

Na kweli, walilila, wakaomba mchuzi.

Kisha wakaja wageni kutoka Butere kumposa Gentrix, binti wa pekee wa Jairus na Dinah, aliyempenda kijana wa wageni hao kwa moyo wote. Dinah alimsihi mumewe awashe kuni, japo kwa ajili ya mtoto. Jairus akacheka. Sinia zikaletwa, kuku waking'aa kama viatu vya askari.

Shangazi wa kijana, bibi mmoja aitwaye Ayuma, alimega paja, akatafuna, akalamba kidole, kisha akalirudisha paja sahanini.

"Mkwe," aliuliza kwa upole, akimnyooshea kidole yule kuku, "ingokho hii ni ya kula, ama ni ya kutia kwenye chai?"

"Ni... ni kuku wetu wa moshi," Jairus alijibu.

"Moshi gani? Kama kuku umetupakia rangi, huyo msichana je, umempaka nini?"

Wakanawa mikono, wakaaga kwa adabu iliyouma kuliko matusi. Hawakurudi, na kijana wao akaoa kwingine.

Siku hizi Gentrix humnawisha babake mikono, humwandalia chakula, lakini neno hampi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na maji hayo huyanywa wanawe.